Anzeni na Gahinga, Muhavura Ungoje

Ndugu yangu, umeuliza kama wewe na wenzako, ambao hamjawahi kupanda mlima, mnaweza kwenda na kurudi Muhavura kwa siku moja. Inawezekana, lakini ningewashauri mwanze na Gahinga, jirani yake katika mbuga ya Mgahinga karibu na mji wa Kisoro, Uganda, kwa kuwa una mita 3,474 ilhali Muhavura una mita 4,127, na tofauti hiyo asiyezoea huihisi kwenye pumzi. Kileleni mwa Gahinga kuna kasoko (shimo la volkeno) yenye kinamasi, ambayo kwa maoni yangu inatosha kuwa sababu ya safari. Laleni Kisoro ili mfike lango la Ntebeko asubuhi na mapema. Askari wa mbuga atafuatana nanyi. Njia hupita kwenye msitu wa mianzi wenye tope, kwa hiyo vaeni buti mlizokwisha kuzizoea, na mkate kucha, maana wakati wa kushuka vidole hugonga ncha ya kiatu kila hatua. Bebeni maji, chapati na koti la mvua. Aliye mzito kutembea awe wa kwanza nyuma ya askari, na mwendo uwe wake. Mmoja akiumwa kichwa na kutapika, teremkeni naye mara moja, hata kama kilele kinaonekana.