Kiwanja cha Oktoba, maji ya Mei

Maswali yenu ya viwanja na ujenzi kando ya Ziwa Tanganyika safari hii yamekuwa mengi, na nusu yake ni swali moja lililobadilishiwa nguo. Nimechagua haya. Wenye kesi za mirathi waende kwa mwanasheria. Mimi nilikuwa bwana mipango miji, sikuwahi kuwa hakimu.

Shikamoo mzee. Nimenunua kiwanja ufukweni, hatua 20 kwa 30. Muhuri wa mwenyekiti wa kijiji upo na mashahidi wawili wamesaini. Nianze msingi? (Msomaji, Ilagala)

Marahaba. Usianze.

Hili nimelijibu mpaka nimechoka, ila kwa kuwa wewe ni mgeni hapa nitarudia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe. Mwenyekiti na muhuri wake, peke yao, hawana cha kukuuzia. Na hata mkutano mkuu ungekupigia vigelegele, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Chukua tepu uende ukapime. Sioni hata kona moja ya kiwanja chako itakayosalimika.

Sasa na mimi nikuulize: ulinunua mwezi gani? Nabashiri Septemba au Oktoba. Ziwa letu hupanda na kushuka kila mwaka. Huwa juu kabisa mwishoni mwa masika, Aprili na Mei, na chini kabisa kabla mvua mpya hazijaanza. Oktoba ufukwe ni mpana, mchanga mweupe, watoto wanacheza mpira. Hapo ndipo wauzaji wa viwanja huota kama uyoga. Sijawahi kukutana na mtu aliyeuziwa kiwanja cha ufukweni mwezi Mei.

Hizo mita 60 zinapimwa kutoka wapi?

Mimi hupima kutoka pale maji yalipofika yalipokuwa juu kabisa. Muuzaji atakuonyesha mahali pengine.

Nyumba yetu ilichukuliwa na maji miaka ile ziwa lilipopanda. Je, litarudi lini mahali pake ili tujenge upya? (Mama wa watoto wanne, Uvinza)

Pole sana, dada. Jibu langu halitakufurahisha: huenda mahali pake ndipo hapo lilipofika.

Nenda Ujiji siku moja, kwenye makumbusho ya Livingstone. Mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone pale, ziwa lilikuwa jirani kabisa. Leo ukisimama kwenye ile miembe inabidi ushuke kwa miguu dakika kadhaa ndipo ulowe. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu unaotoka, Lukuga, kule ng'ambo upande wa Kongo. Stanley alipoukagua mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matope na mafunjo, na maji yalikuwa yakijaa nyuma yake. Mwaka 1878 kizuizi kikapasuka, ziwa likashuka karibu mita 10 katika miaka isiyofika 20. Ardhi ambayo watu wa Ujiji wamejenga na kulima tangu hapo, sehemu kubwa ilikuwa sakafu ya ziwa. Mababu zetu waliipokea kama zawadi, nasi tukaisahau hati yake.

Halafu likapanda tena baada ya mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960, kilele chake 1964. Likashuka. Mwaka 2021 likarudi juu kiasi cha kusumbua bandari ya Kigoma na mitaa ya Bujumbura. Maji mengi ya ziwa hili huondoka kwa kukauka na jua, Lukuga hutoa sehemu ndogo tu. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka mitatu minne mfululizo, hakuna bomba la kufungua. Tunasubiri jua.

Mwaka ule wa 2021 nilikwenda kumjulia hali binamu yangu, kwenye mwalo mmoja (pale mitumbwi inapoegeshwa na samaki kushushwa) kusini mwa Kigoma. Nguzo ya umeme ilikuwa imesimama majini, mtumbwi umefungwa kwenye nguzo hiyo. Chanja za kuanikia dagaa zilikuwa zimehamia katikati ya barabara, bodaboda wanapita kwa zamu. Ukutani kwake maji yalikuwa yameacha mstari wa kijani kwenye tofali la sita. Nilimwambia asiufute, apake rangi nyekundu juu yake ili ubaki. Alinicheka. Nilipopita tena baadaye, ukuta ulikuwa umepigwa chokaa safi, na mpangaji mpya hakuwa na habari yoyote.

Ushauri wangu, dada: omba kiwanja juu ya barabara, hata kama ni kidogo na cha mteremko. Chini pale weka chanja na kibanda cha miti ambacho ukikipoteza hutalia. Na mkutano mkuu ujao simama, dai alama ya maji ya 2021 iwekwe kwa bikoni za zege kijiji kizima, wazee wangali wanakumbuka yalifika wapi.

Mji wetu ni mdogo, wavuvi na wafanyabiashara wa dagaa tu. Mpango kabambe wa miaka 20, wa kuchora mji mzima utumie ardhi vipi, wa nini? Si bora pesa hiyo ijenge soko? (Diwani, jina limehifadhiwa)

Mheshimiwa, swali lako ndilo lililoniharibia kazi miaka 30.

Mji mdogo ndio unaopangika. Ukishakuwa mkubwa unalipa fidia. Leo kutenga barabara ya mita 15 hakukugharimu zaidi ya kamba, bikoni na mabishano ya siku mbili. Ukisubiri, utakuja na rangi nyekundu kuandika X kwenye nyumba za watu waliokupigia kura.

Nimehudhuria mazishi katika mji mdogo kama wako. Jeneza lilipitishwa kiubavu kati ya jiko la mtu na choo cha jirani yake, waliobeba wakipokezana mmoja mmoja, kwa sababu njia ya kwenda makaburini ilikuwa imeuzwa. Makaburi yenyewe yalikuwa yamejaa. Hilo soko lako, Mheshimiwa, utalijenga wapi, na lori la dagaa litageuzia wapi?

Najua kwa nini neno "mpango" linawakera wazee. Waliona Operesheni Kigoma ya 1972, watu wakihamishwa na kupangwa mistari bila kuulizwa. Ndiyo maana nasema mchoro uanzie kwenye mkutano mkuu, ubandikwe ukutani kwa mtendaji, watu waubishie kwa miezi. Mpangaji anayekuja na mchoro uliokamilika kwenye laptopu, apewe chai na nauli ya kurudi.

Tengeni vitu vinne kabla ya vingine: mwalo, barabara, makaburi na dampo. Dampo lisiwe kwenye korongo linaloshuka ziwani. Mnacheka, lakini nimeona matatu.

Mwekezaji anataka ufukwe wote ajenge hoteli, ameahidi ajira 40. Tumkubalie? (Kijana, Kigoma Vijijini)

Mpeni kipande, mwalo msimpe. Andikeni njia ya wavuvi kwenye mchoro, upana wake kwa mita, kabla hamjakaa naye mezani. Hizo ajira 40 hesabu dhidi ya kina mama wanaoanika, wabebaji, wauza barafu, mafundi mitumbwi na wenye vipe, vile vyombo vya kuvulia dagaa. Na hoteli nayo itasimama nje ya mita 60 kama kibanda chako, asije akakuambia yeye ana kibali maalumu.

Uvuvi ziwani ulipofungwa miezi mitatu, Mei hadi Agosti 2024, mji ulilala njaa. Hilo nalo ni mipango miji?

Ndilo hasa. Samaki lazima wapumzike, sipingi. Lakini mji ambao kila sufuria inategemea samaki wetu mgebuka na dagaa hauna budi kutenga ardhi ya kitu cha pili. Michikichi inaota kwetu bila kubembelezwa. Tengeni eneo la kukamulia mawese lenye maji na umeme, mbali na makazi kwa ajili ya moshi, kabla nalo halijakatwa viwanja.

Choo cha shimo kikae umbali gani na ziwa?

Mbali kuliko ulivyopanga. Kwenye mchanga, shimo lako na ziwa vinaongea chini kwa chini, na maji yakipanda shimo linajaa kutokea chini. Mei 2015 pale Kagunga, kijiji cha mpakani, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walibanwa kwenye ukanda mwembamba kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikaingia. Mkishindwa kuchimba juu, jengeni vyoo vya kuinuliwa, vya kunyonywa, na mtenge pia njia ya gari la kunyonya.

Mzee, unaweza kunitafutia kiwanja kizuri cha ufukweni, bei si tatizo?

Hapana.