Maswali ya Wasomaji: Kulinganisha Ukuaji wa Nchi kwa Lahajedwali

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari huku Uyole, Mbeya. Nimeandaa lahajedwali (jedwali la hesabu la kompyuta) ili wanafunzi wangu walinganishe Tanzania na Zambia. Nimeona kwamba kati ya sensa mbili za mwisho watu wa Tanzania waliongezeka kwa asilimia 37.4, nami nikagawanya kwa miaka 10 nikapata asilimia 3.74 kwa mwaka, ilhali taarifa rasmi inasema 3.2. Zambia, kwa matokeo ya awali ya sensa yao, nimepata ongezeko la asilimia 49.8. Aidha, Pato la Taifa la Zambia kwa dola linaonyesha kwamba mwaka 2015 uchumi wao ulishuka kwa zaidi ya asilimia 20. Je, nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu Mwalimu, takwimu zako ni sahihi, kilichokosewa ni namna ya kuzigawanya na kuzilinganisha. Ongezeko la watu huenda kama riba inayowekwa juu ya riba, kwa kuwa asilimia ya kila mwaka hukokotolewa juu ya idadi ambayo tayari imekwisha kuongezeka, na kwa sababu hiyo kugawanya jumla kwa idadi ya miaka hukuza jibu. Weka 44,928,923 ya mwaka 2012 katika seli B2 na 61,741,120 ya mwaka 2022 katika seli B3, kisha andika kanuni hii: =(B3/B2)^(1/10)-1. Utapata asilimia 3.2, ileile ya taarifa rasmi.

Kwa Zambia, tazama kwanza miaka. Sensa yao ya nyuma ilifanyika 2010, na iliyofuata, ambayo ilipaswa kufanyika 2020, iliahirishwa hadi 2022. Kwa hiyo ile asilimia 49.8 ni ya miaka 12, si 10. Badilisha ile 10 katika kanuni iwe 12, nawe utapata takribani asilimia 3.4 kwa mwaka. Pengo lililoonekana kubwa mno kati ya majirani hawa wawili linabaki sehemu mbili tu za kumi (0.2) za asilimia moja, na hilo ndilo ningependa wanafunzi walione kwa macho yao.

Kabla hujaendelea, wape zoezi la hapo nyumbani. Mkoa wa Mbeya ulihesabiwa kuwa na watu 2,707,410 mwaka 2012, na 2,343,754 mwaka 2022. Mwanafunzi atakayeingiza namba hizi katika kanuni ileile atatangaza kwamba watu wa Mbeya wanapungua, jambo ambalo yeyote anayepita Mwanjelwa, hapo jijini Mbeya, siku ya kawaida atalikataa. Ukweli ni kwamba mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya. Ukiujumlisha na watu wake 1,344,687 wa mwaka 2022, eneo lilelile la zamani lina watu 3,688,441. Iringa nayo ina mtego wa namna hiyohiyo kwa anayelinganisha sensa ya 2002 na ya 2012, kwa kuwa Njombe ilitengwa hapo kati. Kompyuta haijui mipaka imehama. Ni wewe unayepaswa kuiambia.

Kuhusu Pato la Taifa, tatizo ni dola. Mwaka 2015 bei ya shaba ilianguka na kwacha, fedha ya Zambia, ikapoteza thamani vibaya, kwa hiyo pato lililokuwa takribani dola bilioni 27 mwaka 2014 likasomeka kama bilioni 21. Hata hivyo, kiasi cha bidhaa na huduma zilizozalishwa nchini Zambia mwaka ule kiliongezeka kwa karibu asilimia 3. Unapotafuta kasi ya ukuaji, tumia fedha ya nchi yenyewe kwa bei za mwaka mmoja wa kizio, yaani mwaka uliochaguliwa ambao bei zake hutumika kwa miaka yote (kwa Tanzania sasa ni 2015), wala usigeuze chochote kuwa dola. Dola iache kwa swali jingine, lile la nani ana uchumi mkubwa zaidi. Ukitaka ukuaji kwa kila mtu, gawanya kwanza pato hilo la bei za kizio kwa idadi ya watu ya kila mwaka, ndipo utumie kanuni.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa Tunduma, mpakani na Zambia. Malori ya shaba yanavuka hapa usiku na mchana kuelekea Dar es Salaam. Kwa nini sioni shaba hiyo katika bidhaa ambazo Tanzania inaagiza kutoka Zambia?

JIBU: Kwa sababu shaba hiyo inapita tu. Mzigo wa mpito unaokwenda kupakiwa melini hauhesabiwi kuwa uagizaji wa Tanzania, hata kama umelala siku tatu kwenye foleni mbele ya duka lako. Ukilinganisha jedwali la nchi mbili, kumbuka pia kwamba anayeuza kwa kawaida huandika thamani ya mzigo pale unapoondoka, naye anayenunua huongeza nauli na bima. Namba zao hazitalingana hata kama wote ni waaminifu. Na ikiwa takwimu zako za Zambia ziko katika kwacha na zinaanzia kabla ya Januari 2013, gawanya zile za zamani kwa 1,000, kwa maana mwezi huo kwacha iliondolewa sifuri tatu.