Mwanga unaoifaa saintpaulia sebuleni

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba saintpaulia yako, mmea mdogo wa maua wa kupandwa chunguni, iliyo kwenye kona ya sebule yako huko Dar es Salaam, imerefusha vikonyo, imeelemea upande mmoja na haijachanua tangu uinunue. Hizo ni dalili za upungufu wa mwanga, si wa mbolea. Mmea huu asili yake ni misitu ya milima, ikiwemo Usambara, ambako huota kwenye miamba yenye unyevu chini ya kivuli cha miti mikubwa. Kwa hiyo hupenda mwanga mwingi uliochujwa, wala si jua la moja kwa moja. Uhamishie kwenye dirisha linaloelekea mashariki, jua la asubuhi likipita katika pazia jepesi, na uzungushe chungu robo mzunguko kila wiki. Dirisha la magharibi mimi silipendekezi, kwani jua la alasiri la pwani huyaunguza majani yake laini. Ikiwa nyumba imebanwa na nyumba za majirani hata mwanga wa dirishani hautoshi, taa nyeupe ya LED iliyotundikwa takriban sentimita 30 juu ya mmea, ikiwashwa kwa saa 12 hivi na kuzimwa usiku, hufaa. Majani yakipauka na kujikunyata katikati, umezidisha mwanga. Isogeze taa juu kidogo.