Zahanati Ile Ilikuwepo Kweli

Mwanangu,

Umeniuliza kama zahanati, ng'ombe na watoto wa shule katika ile filamu ya serikali ya Makaburu inayoisifu Transkei, eneo la Afrika Kusini lililotengwa kwa ajili ya Waafrika, vilipangwa mbele ya kamera kama maigizo. Anza na swali jingine: filamu inaonyesha nini, na inaficha nini? Majengo ya namna ile mara nyingi yalikuwepo kweli. Mtu akitafuta picha za kughushi na kuzikosa, huishia kuiamini filamu nzima, na kosa hilo huwanasa wengi.

Itazame kwanza bila sauti. Chora safu tatu: sekunde, kinachoonekana, nani yumo. Futi 100 za mkanda wa milimita 16 huisha kabla ya dakika 3, kwa hiyo mpigapicha hakupiga ovyo. Kila kipande kiliamuliwa.

Kisha geuza kiti, usikilize tu. Pima Mwafrika anazungumza kwa sauti yake sekunde ngapi, na msimulizi dakika ngapi. Andika vitenzi. Je, msimulizi anasema watu "wanahamia" maeneo yao? Sheria iliwahamisha. Kwa Kiswahili tofauti ni kiambishi kimoja, -ish-, na ndani yake mna lori la serikali, tingatinga na askari. Kiambishi hicho ukitafute kuliko kitu kingine chochote.

Sasa weka tarehe. Transkei ilitangaziwa "uhuru" tarehe 26 Oktoba 1976, miezi minne tu baada ya polisi kuwafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto. Ukiacha Pretoria yenyewe, hakuna serikali duniani iliyoutambua uhuru huo wakati ule. Waliohesabiwa kuwa wa Transkei, hata aliyezaliwa Johannesburg asiwahi kuikanyaga, walivuliwa uraia wa Afrika Kusini. Bendera inayopanda kwenye filamu uisome pamoja na hilo.

Ramani nayo ikaguliwe. Sheria za ardhi za 1913 na 1936 ziliwaachia Waafrika, walio wengi nchini, takriban asilimia 13 ya ardhi. Bophuthatswana, eneo jingine la namna ya Transkei, lililopewa "uhuru" wake 1977, ilikuwa vipande vilivyotawanyika, huku mashamba ya wazungu yakiwa katikati. Ukiona ramani yenye rangi moja iliyotulia, tafuta ramani kamili uiweke kando yake.

Jiulize pia filamu ilipelekwa kwa nani. Idara ya Habari, chini ya waziri Connie Mulder na katibu wake Eschel Rhoodie, ililenga sana watazamaji wa ng'ambo, na ilitumia pia fedha za siri. Kashfa hiyo ilipofumuka ilimng'oa Mulder, na mwaka 1979 John Vorster akaacha urais.

Ukimaliza, tazama Last Grave at Dimbaza ya 1974, iliyopigwa kwa siri ndani ya nchi. Nana Mahomo, aliyekuwa uhamishoni, ndiye aliyeiandaa. Dimbaza ni mahali walipotupwa watu waliohamishwa, na humo utaona makaburi ya watoto. Jaza safu zako tatu tena, uzilinganishe na za mwanzo.

Ukikata kipande cha filamu ya serikali kwa kazi yako, usikitoe sauti ya msimulizi ukabandika muziki. Wengi hufanya hivyo, na propaganda inageuka kuwa kumbukumbu ya maisha ya kawaida. Iache sauti, andika mwaka na idara iliyolipa, palepale juu ya picha.

Mama yako