AC ya Nyumba ya Wageni Pwani: Hesabu Saa, Si Miaka

Wiki iliyopita dada mmoja wa Bagamoyo alinitumia ujumbe. Anafungua nyumba ya wageni, vyumba vinatazama bahari, na muuzaji kamwambia AC zake zitadumu miaka kumi na mitano. Anauliza kama ni kweli. Nimeona nijibu hapa, maana najua wengi mnaonisoma mnajenga vyumba vya wageni au mmeshanunua kiwanja.

Muuzaji kahesabu mashine inayowashwa usiku tu, tena mbali na bahari. Mwaka una saa 8,760. Anayewasha saa 8 kila usiku anatumia 2,920. Sasa mgeni wako katoka kwenda kuangalia magofu ya Kaole, AC kaiacha inanguruma chumba kitupu. Mashine ya namna hiyo, ikiwaka mchana na usiku, kwa mwaka mmoja hufanya kazi ya miaka mitatu ya nyumbani. Halafu ongeza chumvi. Hapa Tanga, upande wa Raskazone, nimeshusha mashine za nje ambazo hazijafika hata miaka mitano, mapezi ya alumini, yale mabati membamba ya kutolea joto, yanapukutika mkononi. Bomba za shaba zimepita ndani ya alumini, na unyevu wa chumvi ukikaa katikati yao, alumini ndiyo inayoliwa. Joto linakosa pa kutokea, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inajitesa mpaka inaungua.

Kuna mwenye nyumba ya wageni niliyemfungia AC zote. Nilizichagulia ukuta wa nyuma, upepo wa kusi usizipige uso kwa uso, na nilikuwa naenda kuziosha mwenyewe. Zilipoa vizuri mpaka wageni wakawa wanamsifia. Akaja fundi wa bei ya chini, nikaachwa. Yule kazi yake ilikuwa kujaza gesi, miezi michache anajaza tena. Kompresa zikafa, na mtaani nikasikia naambiwa mimi ndiye niliyefunga vibaya. Liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu AC nilizofunga nyumba ya jirani yake, ukuta wa nyuma vilevile, hadi leo zinapoza na ninazihudumia mimi.

Ndugu zangu, gesi ya AC haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya bomba zilizofungwa. Ikipungua, pamevuja, na fundi anayejaza bila kutafuta pa kuvujia anakula hela yako. Akishaziba, lazima avute hewa na unyevu kwa pampu kabla ya kujaza. Asiye na pampu, mwambie asante, aende.

Kuosha ndiko kunakoongeza umri kuliko kitu kingine chochote. Filta za ndani kila wiki mbili, hiyo hata mhudumu wa vyumba anaweza. Mashine ya nje, ikiwa inatazama bahari, kila mwezi, umeme umezimwa, maji ya kumwagika taratibu, si ya presha inayolaza mapezi. Na yawe maji ya bomba! Nimekuta watu wanaosha AC kwa maji ya kisima cha chumvi, wanaiongezea ugonjwa uleule.

Umeme nao. Jioni ukishuka, kompresa inashindwa kuanza, inavuta nguvu nyingi na kupata moto. Weka kifaa cha kulinda kinachokata umeme ukiwa mdogo na kusubiri dakika tatu kabla ya kurudisha.

Dada yangu, vyumba vyako umesema ni vya bati bila dari. Piga dari kwanza. AC ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) chini ya bati tupu haitapumzika hata mchana mmoja, na wewe utamlaumu fundi. Muulize muuzaji kama koili ya nje, yaani zile bomba na mapezi yake, imepakwa rangi ya kuzuia kutu ya chumvi, akuandikie kwenye risiti, na mashine za nje zifungwe ukuta usiotazama bahari, hata kama bomba itarefuka na kukugharimu zaidi. Kwa hesabu zako, vyumba vikijaa, panga fedha za kubadilisha kuanzia mwaka wa sita.