Kushiriki Folda ya Msimbo na Kontena: Anza kwa Kujua Faili Zinakaa Upande Gani

Kila mwenzangu anaponiuliza kwa nini mradi wake unasuasua ndani ya kontena (kifungashio kinachoendesha programu ikiwa imetengwa na mfumo mwingine) ilhali kompyuta yake ni nzuri, swali langu la kwanza ni moja: faili zenyewe zinakaa wapi? Kontena za Linux zinazoendeshwa kwa Docker kwenye Windows au macOS huishi ndani ya mashine pepe ya Linux, yaani kompyuta ya kuigizwa kwa programu, na folda unayoishiriki kutoka kwenye diski yako hulazimika kuvuka mpaka huo kila faili inapofunguliwa, inaposomwa au inapoulizwa tarehe yake. Faili moja kubwa huvuka bila taabu. Kinachochosha ni maelfu ya faili ndogondogo, na miradi ya JavaScript na PHP imejaa faili za namna hiyo.

Kwa anayetumia WSL 2, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, ushauri wangu hauna masharti: weka mradi ndani ya folda yako ya nyumbani ya Linux, kwa mfano ~/miradi, wala si chini ya /mnt/c, ambako diski ya C: ya Windows huonekana. Kilichomo kwenye /mnt/c husomwa kupitia 9P, itifaki ya kushiriki faili, na hata amri ya kawaida kama git status huonyesha uzito huo mradi unapokuwa mkubwa. Faili hazitapotea machoni pako, kwa kuwa Windows huzifikia kupitia \\wsl.localhost, na VS Code ina kiendelezi kinachofanya kazi ndani ya Linux yenyewe huku dirisha lake likibaki Windows. Kwa mashine pepe iliyo mbali, kiendelezi cha Remote SSH hufanya vivyo hivyo. Mimi huipendelea njia hii kuliko zote, yaani kukipeleka kihariri kwenye msimbo badala ya kuuvusha msimbo kila mara.

Kwenye Mac, ambako wengi wetu tunataka faili zibaki kwenye diski yetu, shiriki kile tu unachokihariri kwa mkono. Katika faili ya Compose, inayoorodhesha mipangilio ya kontena, mimi huandika hivi:

volumes:
  - ./:/app
  - moduli:/app/node_modules

Mstari wa kwanza unaleta msimbo wako. Wa pili unaifunika node_modules, folda ya vifurushi vya JavaScript, kwa hifadhi iliyo ndani ya Linux, ambayo jina lake hutajwa tena mwishoni mwa faili hiyohiyo. Faida yake si kasi peke yake. Vifurushi kama esbuild vina sehemu zilizotayarishwa kwa mfumo mahususi, kwa hiyo vilivyosakinishwa kwenye macOS haviwezi kuendeshwa ndani ya kontena. Data ya hifadhidata ya PostgreSQL nayo iwekwe kwenye hifadhi ya aina hiyo, isishirikiwe kamwe na diski ya Mac.

Wenye Linux hawana mpaka huo, lakini wana suala la umiliki: kontena inayoendeshwa kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, huacha faili usizoweza kuzifuta bila sudo. Kuongeza --user "$(id -u):$(id -g)" kwenye docker run kunatosha mara nyingi.

Kwa wanaotumia VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, fahamuni kwamba badiliko unalolifanya kwenye kompyuta yako halitangazwi na inotify (huduma ya Linux ya kuarifu faili zinapobadilika) ndani ya mashine pepe, hivyo Vite, seva ya kutengenezea tovuti, haitajua kwamba umehifadhi faili mpaka uwashe usePolling, yaani kukagua faili mara kwa mara, ambayo nayo hula nguvu ya prosesa. Ukiwa na seva ya wavuti ya Nginx humo ndani, andika sendfile off kwenye mipangilio yake. Bila hivyo unaweza kurekebisha CSS na kivinjari kikaendelea kupokea ya zamani. Anayechagua rsync (njia ya kunakili faili) ya Vagrant, chombo cha kusimamia mashine pepe, ili kukwepa hayo yote akumbuke kwamba faili husafiri upande mmoja tu, na kwamba kwa mipangilio ya awali kila usawazishaji hufuta kilichozaliwa ndani ya mashine pepe. Folda za kumbukumbu za mfumo na za picha zilizopakiwa na watumiaji ziorodheshwe kwenye rsync__exclude kabla ya kuwasha mashine hiyo kwa mara ya kwanza.