Uliza Daktari wa Mifugo: Mafuta ya Mimea na Mbwa

Mbwa wangu ana kilo 4. Jioni nilimpaka matone kumi ya mafuta ya melaleuka (mti wa chai) kati ya mabega ili kufukuza viroboto. Baada ya saa tano akaanza kuyumba miguu ya nyuma na kutokwa mate. Je, ni mzio?

Si mzio, ni sumu. Mwogeshe sasa hivi, kisha umalizie kusoma.

Tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Maji matupu hayatoi mafuta, yanayatandaza tu. Vaa glavu, lowesha manyoya kwa maji ya vuguvugu, paka sabuni, sugua taratibu mpaka kwenye ngozi, suuza, halafu rudia mara mbili au tatu hadi harufu ififie. Usijaribu kuyaondoa kwa spiriti wala mafuta mengine. Mkaushe vizuri na umfunike, kwa kuwa mbwa mdogo aliyepata sumu hii hupoa mwili upesi. Baada ya hapo mpeleke kliniki hata kama anaonekana kupata nafuu.

Tone moja ni dogo, ila chupa hizi huwa na mafuta asilimia 100. Matone kumi ni kama nusu mililita. Mafuta haya hupenya ngozi haraka, na mbwa akijilamba yanaingia kwa njia ya pili, kwa hiyo kumpaka na kumnywesha havitofautiani sana. Madaktari wa Marekani waliokusanya visa vya mwaka 2002 hadi 2012 walikuta mbwa 337 na paka 106 waliodhurika kwa melaleuka isiyochanganywa, wengine kwa kiasi kidogo cha mililita 0.1. Karibu wanyama tisa kati ya kumi walipewa kwa makusudi, yaani mwenye mnyama alidhani anamtibu. Dalili zilianza kati ya saa 2 na 12: mate mengi, uchovu, kuyumba, miguu kukosa nguvu, kutetemeka. Huweza kudumu hadi saa 72, kwa hiyo usishangae akiwa hajapona kesho.

Kwa viroboto tumia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa na kupimwa kwa uzito wake. Shampuu yenye melaleuka chini ya asilimia 1 ni jambo jingine. Hiyo kwa kawaida haileti sumu.

Mbwa ametafuna chupa ya mafuta ya mkaratusi. Nimpe maji ya chumvi atapike?

Hapana, mara mbili. Mafuta haya ni mepesi. Yakipanda kwa matapishi huteleza kwenye njia ya hewa na kuleta nimonia. Na chumvi yenyewe ni sumu kwa mbwa ikizidi. Mfute mdomo kwa kitambaa chenye maji, toa vipande vya plastiki au kioo, usimpe kitu kingine, nenda kliniki. Mkaratusi na kafuri vinaweza kuleta degedege, hivyo usingoje dalili.

Mafuta gani nisiyaweke kabisa karibu naye?

La kwanza kwangu ni wintagrini, ambayo wengi huiona dawa ya kuchua tu. Ndani yake mna ndugu wa aspirini: kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kina nguvu ya takriban gramu 7 za aspirini, zaidi ya vidonge 20 vya miligramu 325. La pili ni penirioli, jamii ya mnanaa inayosifiwa kwa kufukuza viroboto. Huua seli za ini. Mdalasini na karafuu huchoma mdomo na ngozi. Lavenda ni pole kuliko hayo, lakini isipochanganywa nayo huwasha.

Nina kifaa cha kusambaza harufu sebuleni. Mbwa mmoja ni mzee na anakohoa. Nikizime?

Kwa huyo anayekohoa, ndiyo, kizime.

Kwa mwenzake inategemea aina. Vile vya vijiti hutoa mvuke tu. Hatari yake ni kioevu kikimwagika au kikinywewa. Vile vya mtetemo hurusha matone madogo mno ya mafuta yenyewe, nayo hutua kwenye manyoya, na mbwa huyaramba. Ukikitumia, kiwe juu asikofikia, kwa muda mfupi, na mlango uwe wazi ili aondoke akichoka. Usikiwashe penye mtoto wa mbwa wala mwenye shida ya kupumua. Akianza kupiga chafya, kutoa machozi au kukohoa, mtoe nje apate hewa safi. Akiendelea kukohoa au kuhema kwa shida, ni kazi ya daktari.

Kliniki beba chupa yenyewe. Daktari atahitaji jina la mafuta, asilimia, kiasi kilichopungua, saa ilipotokea na uzito wa mbwa.